Kabla ya Kutia Mafuta, Uliza Wanawake Wataswali Wapi



Alhamisi iliyopita, baada ya darsa ya akina mama, mama mmoja alibaki nyuma akingoja wenzake watoke. Aliponikaribia alisema: "Maalim, mume wangu ametangaza kuwa likizo hii atatupeleka Malindi kwa gari, siku mbili, tukipitia Gede na Watamu. Watoto hawalali kwa furaha. Mimi nimeulizwa swali moja tu: nitapika nini." Akacheka, nami nikacheka. Lakini nilipofika nyumbani na kumsimulia mke wangu, yeye hakucheka. Alinitazama tu, nami nikakumbuka.

Miaka tisa iliyopita nilipanga safari kama hiyo hiyo. Nasema nilipanga, nikikusudia mimi peke yangu. Nilikodi matatu ya watu kumi na wanne, nikaandika saa ya kuondoka na saa ya kufika, nikahesabu mafuta na ada za viingilio, kisha nikawasomea watu wa nyumbani mpango ule kama hakimu asomaye hukumu. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Mkubwa wetu alikuwa mkwe wangu, mama yake mke wangu, ambaye magoti yalikwisha kumsumbua; mdogo wetu alikuwa mtoto wa shemeji yangu, wa miezi saba.

Adhana ya adhuhuri ilitukuta katika mji mdogo wa kando ya barabara. Nikamwambia dereva asimame mbele ya msikiti. Wanaume tukashuka, tukatawadha, tukaswali jamaa kwa utulivu, na mimi nikabaki kidogo kwa nyiradi zangu na kuamkuana na imamu. Nilipotoka, wanawake sita walikuwa bado ndani ya gari, madirisha wazi, jua la utosi likiwapiga. Msikiti ule haukuwa na mlango wa wanawake wala mahali pao pa kutawadhia. Binti yangu mkubwa alikuwa ameshuka kuuliza, akajibiwa kwa upole kuwa hapana nafasi. Nikasema, "Tutatafuta mbele." Mbele hatukupata. Waliswali nyuma ya duka la mtu, juu ya kanga, kwa maji ya chupa, mkwe wangu akishikwa mkono kila alipoinuka kutoka kwenye sijda, na vijana wa bodaboda wakitazama. Usiku mke wangu aliniambia neno moja tu: "Baba watoto, leo sisi tulikuwa mizigo."

Na mimi ni mtu niliyesoma mlango wa swala ya msafiri kwa walimu watatu tofauti. Elimu ilikuwa kifuani; mpango wa safari uliandikwa bila kuiuliza. Kwa hiyo haya ninayomwandikia mama yule, na mumewe akisoma atapata faida zaidi, ni mambo niliyojifunza kwa kukosea.

Tuanze na umbali, kwa kuwa hukumu zote zimefungwa nao. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, safari inayoruhusu kupunguza na kukusanya swala ni ya marhala mbili kwenda, ambazo wanavyuoni wa zama zetu wamezikadiria kuwa kati ya kilomita 80 na 90. Aendaye Jumba la Mtwana pale Mtwapa, au aendaye Kilifi, iliyo kama kilomita 60 kutoka Mombasa, akarejea, huyo ataswali swala zake kamili kwa nyakati zake. Ama akusudiaye Malindi, kilomita 120 hivi, yeye ni msafiri tangu alipovuka mpaka wa mji wake, hata kama atasimama njiani mara tano. Adhuhuri, alasiri na isha zitakuwa rakaa mbili mbili; magharibi na alfajiri hazipunguzwi. Nia ya kupunguza iwepo pamoja na takbira ya kuhirimia. Na asimfuate imamu mkaazi kisha akatoa salamu kwenye rakaa ya pili: akimfuata mkaazi, atakamilisha naye zote nne.

Sasa angalia wepesi uliomo humu kwa mwanamke msafiri. Akikusanya adhuhuri na alasiri, kisha magharibi na isha, siku yake nzima ya njiani inahitaji vituo viwili tu vyenye maji safi, choo kinachofungika na pembe ya sitara. Vituo viwili! Hata familia kubwa inaweza kuvitafuta vituo viwili kwa simu, wiki moja kabla ya kuondoka. Na mkiona kituo cha adhuhuri kitachelewa, nuieni mapema, wakati wa adhuhuri ungalipo, kuichelewesha mpaka alasiri, mziswali zote mbili mtakapofika mahali pa kustarehe. Laiti ningewaambia hivyo wanawake wangu siku ile, wasingeswali nyuma ya duka.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: chukueni karatasi, na kabla ya kuandika saa ya kuondoka, andikeni mahali pa adhuhuri na mahali pa magharibi. Anayeandika awe mama wa nyumba. Mke wangu ndiye aandikaye siku hizi, na mimi nimekuwa mtu wa kuuliza, "Na mimi nikae wapi?"

La pili ni majira. Wengi hutoka Aprili au Agosti kwa sababu watoto wana likizo. Aprili mara nyingi masika hukukuta njiani, na Agosti ni kusi: upepo mkali, bahari ina mawimbi, maji yametibuka, na aliyelipia mashua ili aone samaki huona povu. Bahari yetu hutulia kaskazi inapovuma, kuanzia mwezi wa Desemba hadi Machi. Kwa hiyo, kwa wenye watoto wa shule, wakati ninaoupenda ni mwanzo wa Desemba, mvua za vuli zikianza kuondoka na wageni wa bara hawajajaza nyumba za kupanga na kupandisha bei.

Ndani ya majira kuna jambo ambalo Waislamu wa pwani tunalo mkononi na hatulitumii, nalo ni tarehe ya mwezi mwandamo. Bahari haifuati kalenda ya ukutani. Mwezi mosi na mwezi kumi na tano ni siku za bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani yetu kupwa kwa asubuhi huwa kama saa nne. Kila siku inayofuata, saa hiyo husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Kufikia mwezi nane au ishirini na mbili mambo yamegeuka: ni maji mafu, na ile saa nne ya asubuhi maji yanakuwa yamejaa. Mzee yeyote wa pwani aliyeishi na wavuvi anaijua hesabu hii. Mimi, mtoto wa pwani, niliifikisha familia yangu Watamu mwezi tatu, saa sita mchana. Maji yalikuwa yamekupwa mbali, mashua imesimama kwa mbali kama sahani juu ya meza, na njia ya kuifikia ni mchanga wa moto, madimbwi na mawe yenye viumbe wa miiba. Vijana walikwenda. Mkwe wangu alibaki chini ya mkoko na mtoto mchanga, akasema kwa adabu kwamba bahari ameiona vya kutosha maishani mwake.

Basi tazameni tarehe. Mkitaka watoto watembee mwambani waone vidimbwi na samaki wadogo, chagueni siku za bamvua, wavae viatu vya plastiki, na muwahi kurejea kabla maji hayajageuka. Mkitaka mama mzee apande mashua bila taabu, au mtumbwi uingie katika vijito vya mikoko ya Mida, chagueni maji ya kujaa asubuhi. Na mpigieni simu mwenye mashua siku moja kabla; atawaambia saa, na wao hawakosei.

Ama njia yenyewe, ni moja, na ni rahisi. Mkitoka Mombasa mnaelekea kaskazini, ambako kwetu ndiko kibla; wazee waliita upande ule kibula kwa sababu hiyo. Tokeni mara baada ya alfajiri, kwa maana kutoka Kongowea hadi Mtwapa msongamano wa magari hauna huruma jua likishapanda. Baada ya Mtwapa pumzi hutoka. Minazi, mashamba ya mkonge, kisha Kilifi na daraja lake. Sisi tuliokuwa vijana kabla ya 1991 tunaikumbuka feri ya pale, na akina mama waliotuuzia korosho tulipokuwa tukingoja. Ng'ambo ya kusini ya kijito, juu ya jabali, kuna magofu ya Mnarani, yenye msikiti wa kale ulionakshiwa maandishi ya Kiarabu ya kupendeza mno. Lakini ngazi zake ni nyingi, kwa hiyo mwenye magoti mabovu msimdanganye kwamba "ni hapo tu".

Kabla ya kufika Kilifi iko njia ya kuingia Takaungu, mji ambao Mazrui waliukalia baada ya kuondoka Mombasa mwaka 1837. Hapo hapana cha kulipia wala cha kupiga foleni. Kuna nyumba za watu, misikiti, kijito, na watoto wa chuoni. Ukiingia mji wa namna hii, shuka garini, toa salamu, uliza mzee wa mtaa. Wakumbusheni vijana wenu kwamba kumpiga picha mwanamke aliye barazani kwake bila idhini ni kumvunjia heshima, hata kama ukuta wa nyumba yake ni mzuri na mlango wake una nakshi. Sisi wenyewe tunaudhika wageni wanapotufanyia hivyo Mji wa Kale. Nunueni kitu: madafu, achari, kaimati za moto. Na katika miji kama hii, akina mama, hodi moja kwa mwenye nyumba aghalabu hukupatieni chumba cha kuswalia kilicho bora kuliko misikiti mingi ya barabarani. Mke wangu ndiye aliyeligundua hili, na leo ana shoga katika kila mji wa njia ile.

Baada ya Kilifi, upande wa kushoto huanza msitu wa Arabuko-Sokoke, nao huwafuata mwendo mrefu. Una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, na ndio msitu mkubwa wa pwani wa namna yake uliobakia katika Afrika Mashariki. Ndani yake kuna ndovu, kuna bundi mdogo mno, na kuna sange mkubwa ambaye sehemu ya nyuma ya mgongo wake ni rangi ya dhahabu. Lango lake liko Gede. Mwendao na watoto chukueni mwongoza wageni, nendeni asubuhi au alasiri, na msitegemee kumwona ndovu. Mkimwona sange akipita mbio, mmefaidi.

Kisha Gede, na hapa naomba nafasi zaidi ya kawaida yangu. Wengi wetu tunapita bango lake kwa miaka tukienda harusini Malindi, tukidhani ni mahali pa watalii. Ni mji wetu. Ni mji wa Waislamu waliojenga kwa mawe ya matumbawe, wakaishi humo karne nyingi, wakauacha kufikia karne ya kumi na saba. Mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kuna msikiti mkuu, nguzo zake zimesimama bila dari, kibla yake ndiyo kibla yetu, na kisima chake kiko kando. Kuna kaburi lililoandikwa tarehe, mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399. Niliposimama mbele yake na watoto, nikawaambia watoe salamu kwa watu wa makaburi kama wafanyavyo makaburini kwetu. Mwanangu wa kiume, aliyekuwa na miaka minane, akauliza kwa sauti ya chini: "Kwani hawa ni watu wetu?" Kwa swali lile pekee, mafuta ya gari yalikuwa yamekwisha kulipika.

Tulipokuwa tukipita katika nyumba za mji ule, mwongozaji akatuonyesha vyoo na mahali pa kuogea ndani ya nyumba, na visima vilivyochimbwa karibu. Binti yangu mkubwa, yule aliyeambiwa hapana nafasi, akasema, si kwangu bali kwa bibi yake, ila kwa sauti niliyoweza kuisikia: "Kumbe wanawake wa hapa walikuwa na maji, bibi. Miaka mia sita iliyopita." Bibi yake akaitikia kwa kichwa. Mimi nikawa nasoma bango.

Angalizo dogo la Gede: kima na tumbili wa pale wamezoea watu. Mfuko wetu wa mahamri ulichukuliwa mchana kweupe na kima mwenye haya kidogo kuliko mwizi wa sokoni. Fungeni chakula garini. Na mkitoka magofuni, ndani ya uwanja ule ule kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993, ambapo wanavijiji wanaopakana na msitu hufuga viwavi na kuuza mabuu ya vipepeo nchi za nje. Watoto wa kike na wa kiume waone kwamba mama wa kijijini anaweza kupata riziki kwa kuuhifadhi mti badala ya kuukata.

Kutoka Gede hadi Watamu ni mwendo mfupi. Hifadhi za bahari za Watamu na Malindi zilianzishwa pamoja mwaka 1968, nazo ndizo za mwanzo katika nchi yetu. Bebeni vitambulisho vya taifa, kwani ada ya mwananchi si ada ya mgeni, na malipo ni kwa njia ya simu. Tazameni viwango vya sasa kabla ya kuondoka, maana hubadilika. Ndani ya hifadhi hapana kuvua, hapana kuokota makome wala kuvunja tumbawe. Akina dada wanaosita kwa ajili ya sitara wajue kwamba mashua za kioo chini zimewafaa sana: mtu ameketi na buibui lake, na samaki wa manjano na buluu wanapita chini ya miguu yake. Ombeni mashua ya familia yenu peke yenu. Mkiwa wengi, tofauti ya bei huwa ndogo. Na kila mtu avae jaketi la kuokolea, hata yule mjomba anayejigamba kuwa alizaliwa baharini.

Kwa malazi, nyumba ya kupanga Malindi au Watamu huwafaa wengi kuliko hoteli, kwa kuwa ina ukumbi wa kuswalia jamaa na wanawake wanakaa bila kujibana. Ulizeni mapema kama kidimbwi cha kuogelea kinaonekana kutoka nyumba za jirani. Lakini jiko la nyumba hiyo lisiwe mtego. Katika safari yetu ile ya kwanza mke wangu na dada yake walipika mara nne kwa siku mbili. Waliiona Malindi kupitia dirisha la jikoni. Siku hizi tuna makubaliano: njiani tunakula mkate wa kumimina, mayai ya kuchemsha, tende na ndizi vilivyoandaliwa na nyumba nzima usiku uliotangulia, wavulana wakiwemo, tukifika Malindi tunanunua chakula kilichopikwa, na hakikosekani cha halali. Fedha ya chakula hicho iandikwe katika hesabu tangu mwanzo, kabla ya fedha ya mashua. Bwana akisema haitoshi, apunguze mashua.

Mwenye siku ya tatu avuke mto Sabaki hadi Mambrui, mji wa kale wenye utulivu, au aende Marafa kuona korongo la udongo mwekundu na mweupe linaloitwa Nyari. Nendeni huko alasiri tu. Mchana ni tanuri.

Akina mama wa vyama wanaotaka kwenda wenyewe, bila waume, wameshaniuliza mara mbili. Hilo lina hukumu zake na nitalijibu katika safu yake.

Ama mama wa darsani, nilimpa mambo haya kwa mdomo, akayaandika nyuma ya karatasi ya duka. Kisha akaniuliza lile nililokuwa nikiliogopa: "Maalim, hivyo vituo viwili ni vipi? Ni msikiti gani baada ya Mtwapa wenye mahali petu?" Nilimtajia miwili, nikaishiwa. Miaka yote hii ya kupita njia ile, miwili.

Basi wasomaji, nawaomba. Kila ajuaye msikiti wa kando ya barabara, kutoka Mtwapa hadi Malindi, wenye mlango wa wanawake, maji na choo safi, alete jina lake kwa mhariri pamoja na jina la mji. Aliyewahi kufika na kukuta umefungwa kwa kufuli, na ufunguo uko kwa mtu asiyejulikana alipo, naye aseme. Tutaichapisha orodha hiyo hapa kabla shule hazijafungwa, inshallah. Na walio katika kamati za misikiti ambayo haitakuwamo wataiona pia.